Mbegu za chia na maradhi ya sukari

SWALI: Bwana Tabibu, mimi ni mama wa Kimombasa nifanyaye biashara hapa Juba. Sokoni Konyo Konyo naambiwa kuwa chia yaponya sukari. Je, ni kweli, na huliwaje?

JIBU: Bibi mpendwa, mbegu hizo, ambazo asili yake ni Meksiko na Guatemala, na ambazo siku hizi hulimwa pia kwa jirani zetu wa Uganda, zina manufaa yasiyo haba, kwani gramu 28 zina takriban gramu 10 za nyuzinyuzi, zilainishazo choo na kushibisha, pamoja na mafuta ya omega-3, lakini kuponya sukari haziponyi, na atakayeacha dawa zake kwa ajili yazo ajidhulumu nafsi yake.

Tia kijiko kimoja cha mezani katika gilasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, au ya karkade isiyo na sukari, koroga, subiri kidogo, koroga tena zisigandamane, kisha ziache nusu saa, nawe utaona kila punje imejivika utelezi mfano wa bamia. Usizibwie kavu kamwe, maana huvimba kooni zikaziba njia ya chakula. Atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, au za presha, au za sukari, na ashauriane na daktari wake kwanza.

Na bei ikikushinda, ufuta, ambao omega-3 hauna ya kutajika, usiudharau kwa protini na mafuta yake.