SOMO LETU: Mizani ya Kompyuta Inapopoteza Kilo



Katika baadhi ya mashamba ya chai uzito wa majani huandikwa na kompyuta iliyounganishwa na mizani. Mshahara wa mchumaji hutokana na namba hizo. Kwa hiyo yatupasa kujua mashine hii hukosea wapi, ili mchumaji asidhulumiwe kilo zake wala karani asilaumiwe kwa kosa la programu.

Tuchukue mfano wa programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, huku maktaba inayoendesha mizani imeandikwa kwa lugha ya C. Mkalimani wao ni ctypes, iliyoingizwa katika Python mwaka 2006. Programu huiachia maktaba anwani na kuiambia: "Uzito ukiwa tayari, niite hapa." Sehemu hiyo inayoitwa tutaiita mwitikio.

Kosa la kwanza. Python hufagia kumbukumbu yake yenyewe. Huhesabu kitu kinashikwa na wangapi. Hesabu ikifika sifuri, kitu hutupwa. Maktaba ya C inayo anwani, lakini katika hesabu hiyo haimo. Mwitikio usiposhikwa upande wa Python hufagiliwa, na anwani hubaki kama ya nyumba iliyohamwa. Vipimo vya kwanza huweza kupita salama, kisha programu ikaanguka ghafula wakati foleni ni ndefu. Dawa: mwitikio uwekwe mahali pa kudumu muda wote mizani inapofanya kazi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Hitilafu ikitokea ndani ya mwitikio, ctypes huiandika kwenye kioo tu, na kazi huendelea. Kioo kisipotazamwa, kilo hupotea kimya kimya. Dawa: hitilafu ikamatwe ndani ya mwitikio wenyewe na kuandikwa katika faili pamoja na saa yake.

Kosa la tatu. Maktaba ikituma namba yenye desimali, na programu ikatangaza namba kamili, kinachosomwa ni upuuzi. Dawa: aina za namba zilingane sawasawa na maelezo ya maktaba.

Fundi ajaribu kwa vipimo maelfu, si kimoja. Tena awashe faulthandler, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Programu ikianguka, chombo hiki huonyesha ilikuwa imefika mstari gani.

Kazi ya tawi. Mwakilishi wetu adai mambo matatu:
1. Mchumaji apewe karatasi ya kila kipimo.
2. Daftari la mkono liwepo mizani inapozimika.
3. Faili la hitilafu likaguliwe na pande zote mbili kabla ya hesabu ya mshahara kufungwa.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kwa nini jaribio la kipimo kimoja halitoshi?
(b) Mizani ikiendelea kuwaka, je, ni hakika kwamba kila kilo imeandikwa?
(c) Shambani kwetu, nani hutunza faili la hitilafu?