Vilima vya Bourgogne: Mafunzo Saba Niliyopata

Wengi wetu tukifika Ufaransa huishia Paris. Mimi moyo wangu uko Bourgogne, nchi ya mizabibu, ng'ombe weupe na vijiji vya mawe iliyo kati ya Paris na Lyon. Huko ni nadra kupanda kilima usikute kanisa, ngome au gofu. Katika matembezi yangu nimeamini jambo moja: kilima na jengo lililo juu yake ni habari moja. Atazamaye jengo akasahau kilima, au apandaye kilima kwa ajili ya picha tu, huondoka na nusu ya habari. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza kwa nini jengo liko pale

Ukienda Vézelay, basilika ya Mtakatifu Maria Magdalena huiona mapema, imekaa juu ya mgongo wa kilima ilhali wewe bado uko chini mashambani. Simama hapo hapo ujiulize: kwa nini huko juu? Watawa wa Vézelay walianzia bondeni, mahali panapoitwa leo Saint-Père. Katika karne ya 9 wavamizi wa Kinormani waliiharibu abasia yao, nao wakahamia kilimani kutafuta usalama.

Kilima kilichokuwa kimbilio kikageuka kuwa kivutio. Iliaminika kwamba masalia ya Maria Magdalena yamehifadhiwa hapo, kwa hiyo mahujaji wakamiminika, na Vézelay ikawa mojawapo ya vianzio vikuu vya safari ya miguu kuelekea Santiago de Compostela, Hispania. Tarehe 31 Machi 1146, mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri hapo Vita ya Pili ya Msalaba mbele ya Mfalme Louis wa Saba wa Ufaransa. Umati ulikuwa mkubwa mno kuenea kanisani, hivyo mkutano ukafanyika nje, kwenye mteremko. Ukishausimamia mteremko ule, unaelewa namna umbo la ardhi lilivyosaidia sauti ya mtu mmoja kuwafikia maelfu.

2. Mwinuko ni sehemu ya somo, upande kwa miguu

Jabali la Solutré, karibu na mji wa Mâcon, lina urefu wa mita 493 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya kivuli cha Meru au Uluguru, tarakimu hiyo ni ndogo. Lakini uzito wa Solutré hauko kwenye tarakimu. Njia huanzia katika mizabibu inayotoa mvinyo wa Pouilly-Fuissé, hupita kwenye vichaka, kisha hukufikisha ghafla kwenye ukingo wa genge la chokaa. Chini yako ni bonde la mto Saône. Siku ya anga safi, milima ya Alps huonekana upande wa mashariki, Mont Blanc ikiwa miongoni mwake.

Kwa mwendo wa polepole unaona jinsi udongo unavyobadilika, mizabibu inapokoma, na mahali upepo unapoanzia. François Mitterrand, aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa, alilipanda jabali hili kila mwaka wakati wa Pentekoste kwa miongo mingi. Naelewa kwa nini mtu mwenye mambo mengi kichwani angeshika desturi ya namna hiyo.

3. Tenga hadithi na ushahidi

Chini ya Solutré, uchimbaji ulioanza mwaka 1866 ulifukua mifupa mingi mno ya farasi. Punde ikazuka hadithi kwamba wawindaji wa kale waliwakimbiza farasi hadi kileleni wakaporomoka gengeni. Ni hadithi tamu, na Adrien Arcelin, mmoja wa wachimbaji wenyewe, ndiye aliyeieneza kwa riwaya yake. Wanaakiolojia wa baadaye waliikataa, kwani mifupa haipo mahali ambapo wanyama wangeangukia. Farasi walikuwa wakipita chini ya jabali katika uhamaji wao wa msimu, na wawindaji wakiwavizia papo hapo.

Alise-Sainte-Reine nayo ina somo kama hilo. Juu ya kilima cha hapo imesimama sanamu kubwa ya Vercingétorix, kiongozi wa Wagaulo aliyeshindwa na Julius Caesar huko Alésia mwaka 52 kabla ya Kristo. Napoléon wa Tatu ndiye aliyeamuru isimamishwe mwaka 1865, na mavazi yake ni mchanganyiko wa zama mbalimbali. Sanamu hiyo inatueleza zaidi kuhusu Ufaransa ya karne ya 19 kuliko kuhusu Wagaulo. Ushahidi wa vita uko ardhini: mahandaki ya Warumi yaliyochimbuliwa kwa amri ya Napoléon huyohuyo, kisha yakachunguzwa upya na wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani katika miaka ya 1990. Siku hizi mbele ya kila mnara hujiuliza maswali mawili: unasimulia nini, na aliyeusimamisha alitaka tuamini nini?

4. Palipo patupu pasome pia

Kanisa la abasia ya Cluny, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187. Lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Wakristo wa Magharibi, hadi lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro huko Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa kama mali ya taifa, na wanunuzi wakalibomoa na kuuza mawe yake. Kilichobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi.

Wapo wanaofika wakalalamika kwamba hakuna cha kuona. Ushauri wangu ni upande mnara wa Tour des Fromages ulio katikati ya mji. Kutoka juu unauona mnara wa kengele uliosalia, na ukiulinganisha na nafasi iliyo wazi pembeni yake, unaanza kukadiria ukubwa wa kilichopotea. Hasara hiyo haikuletwa na tetemeko la ardhi. Ililetwa na sahihi za watu kwenye karatasi.

5. Usione vyaelea, vimeundwa

Vézelay nayo ilikaribia kuanguka. Mwaka 1834 mwandishi Prosper Mérimée, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, aliikuta katika hali mbaya na kupiga mbiu iokolewe. Mwaka 1840 kazi hiyo alikabidhiwa Eugène Viollet-le-Duc, kijana wa miaka 26. Aliimarisha kuta na dari, akabadilisha mengi pia, na mjadala kuhusu mabadiliko yake haujaisha. Lakini bila yeye pengine tusingekuwa na cha kujadili.

Hata mandhari yenyewe inatunzwa. Tangu sheria ya mwaka 1943, anayetaka kujenga ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria, mahali linapoonekana, hupitia kwanza kwa msanifu majengo wa serikali. Ukiona kijiji hakina bango la kuziba kanisa lake, jua kuna mtu aliyelikataa.

6. Panga safari kwa jua na kwa saa za kijijini

Kijijini, ofisi nyingi za utalii na majumba madogo ya makumbusho hufungwa saa sita mchana hadi saa nane. Hoteli za chakula nazo hupika kwa saa hizo hizo, kwa hiyo kula wenzako wanapokula. Mabasi ni machache. Kituo cha reli kilicho karibu na Vézelay, kile cha Sermizelles, kiko umbali wa kilomita kama 10. Mwishoni mwa juma la tatu la Septemba, siku za urithi hufungua milango mingi ambayo kwa kawaida imefungwa.

Ukiweza, fika Vézelay karibu na tarehe 21 Juni, jua likiwa utosini. Mwanga wa madirisha ya kusini huangukia sakafuni na kupanga madoa katikati kabisa ya ukumbi, kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni. Wajenzi wa karne ya 12 walilijua jua lao.

7. Tafuta mahali ulipochorwa na mahali ulipozikwa

Juu ya mlango mkuu wa ndani wa Vézelay kuna mchongo wa Kristo akiwatuma mitume kwa mataifa yote. Pembezoni yamechongwa mataifa ya mbali kama yalivyofikiriwa wakati huo: watu wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio makubwa ajabu, na wafupi wanaohitaji ngazi kupanda farasi. Ndivyo tuliotoka mbali tulivyochorwa na mafundi ambao hawakuwahi kutuona. Lakini naheshimu kwamba hata hao waliwekwa mlangoni, ndani ya mwaliko.

Kisha nenda kusini, karibu na Lyon, hadi kijiji cha Chasselay. Humo mna makaburi yaitwayo Tata sénégalais, yenye kuta za rangi ya udongo mwekundu kwa mtindo wa Afrika Magharibi. Mwezi Juni 1940 askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa walipigana hapo na Wajerumani. Wengi waliokamatwa walitengwa na wenzao weupe, wakauawa. Afisa aliyeitwa Jean Marchiani aliikusanya miili yao, na makaburi yakazinduliwa Novemba 1942. Wamelala hapo karibu askari 200, waliotoka Senegal, Guinea, Mali, Burkina Faso na kwingineko.

Ukiwa na siku chache tu Bourgogne, panga uone mahali hapa pawili katika safari moja. Vézelay itakuonyesha jinsi Ulaya ilivyomdhania Mwafrika bila kumjua. Chasselay itakuonyesha Mwafrika alichoifanyia Ufaransa, na alichofanyiwa kwa kuwa Mwafrika. Msafiri wa kwetu ana haki ya kuyadai yote mawili, na ana wajibu wa kuwasimulia watoto wake.