Kabla Hujatia Sahihi: Mwananchi wa Kilungu na Mageuzi ya Katiba

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa wadi za Kilungu, Ilima, Kee na Ukia, pamoja na jirani zao wa Kilome na Mbooni. Nchi ikitoka kwenye mgogoro wa kisiasa, wakubwa hukaa mezani, wakapatana, kisha wakatangaza kwamba katiba itarekebishwa. Wewe huitwa mwishoni, uje kutia sahihi au kupiga kura, maneno yakiwa yameshakauka kwenye karatasi. Tungependa uingie mapema, ingali rasimu.

Tulivyofika kwenye katiba ya 2010

Matokeo ya kura za urais za tarehe 27 Desemba 2007 yalipotangazwa, nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Ghasia zilipamba moto Bonde la Ufa, Kisumu, Naivasha na mitaa ya mabanda ya Nairobi, mbali na milima ya Kilungu. Lakini ni boma gani huku lisilo na mtoto anayetafuta riziki Nairobi au Nakuru? Kofi Annan alisimamia upatanisho, na tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mkataba. Ajenda ya nne ya mazungumzo hayo ndiyo iliyobeba mizigo mizito: ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, mahakama zisizoaminika, na katiba.

Kuandika kulikabidhiwa Kamati ya Wataalamu, mwenyekiti akiwa wakili Nzamba Kitonga, mwana wa Kitui. Kamati haikuanza na karatasi tupu. Miaka michache kabla, tume ya Yash Pal Ghai ilikuwa imezunguka nchi nzima ikisikiliza wananchi, kisha wajumbe wakakutana Bomas. Rasimu yao ilibadilishwa na wanasiasa kabla ya kufika kwenye kura, na tarehe 21 Novemba 2005, katika ile kura ya Ndizi na Chungwa, Wakenya wakaikataa. Wengi wenu mnaikumbuka.

Kamati ya Kitonga ilitoa rasimu yake tarehe 17 Novemba 2009 na kuwapa wananchi siku 30 watoe maoni. Siku 30 si nyingi kwa kitabu kama kile, hasa msimu wa kupalilia. Hata hivyo maelfu waliandika. Januari 2010 wabunge walikutana Naivasha na kuibadili sura ya serikali kuu: rasimu ya kwanza ilikuwa na rais na waziri mkuu wanaogawana madaraka, wao wakachagua mfumo wa rais. Bungeni marekebisho zaidi ya 100 yalipendekezwa na hakuna hata moja lililopita. Tarehe 4 Agosti 2010 takriban asilimia 67 ya waliopiga kura waliikubali katiba, ikatangazwa rasmi Uhuru Park tarehe 27 mwezi huo.

Kwa hivyo anayekuambia kwamba katiba ya 2010 iliandikwa na wananchi peke yao anakupamba. Iliandikwa na wananchi, wataalamu na wanasiasa wakivutana, na kila aliyekuwa na hoja iliyoandikwa vizuri alivuta kwa nguvu zaidi.

Yaliyotupata Wote

Kaunti yetu ya Makueni ilipata mgogoro wake yenyewe. Serikali ya gavana Kivutha Kibwana na Bunge la Kaunti zilikwaruzana juu ya bajeti mpaka kazi ikakwama, na tarehe 23 Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa kwenye majengo ya bunge hilo mjini Wote. Watu kadhaa walijeruhiwa.

Wananchi walifungua katiba. Kifungu cha 192 kinaruhusu serikali ya kaunti isimamishwe, uchaguzi ufanyike upya, mradi tume huru ichunguze kwanza, rais aridhike na Seneti iidhinishe. Ombi likatiwa sahihi, tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza watu hadharani, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Wapo wanaosema wananchi walipoteza muda. Sisi hatuoni hivyo. Hasira ilipitia kwenye kifungu cha sheria badala ya mawe barabarani. Na baada ya hapo kaunti ikajulikana nchini kwa mikutano yake ya bajeti inayoanza kijijini, ikapanda hadi wadi, kaunti ndogo, na mwisho kongamano la kaunti. Aliyewahi kukaa katika mikutano hiyo, akabishana kama fedha ziende kwenye bwawa au zahanati, tayari anajua nusu ya kazi tunayoieleza hapa.

Sahihi si maoni

Baada ya uchaguzi wa urais wa 2017, ambao Mahakama ya Juu iliubatilisha ukarudiwa, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono tarehe 9 Machi 2018. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa BBI (Building Bridges Initiative) na mswada wa kurekebisha katiba wa 2020. Ulipitia njia ya kifungu cha 257, inayodai sahihi za wapiga kura wasiopungua 1,000,000, na zikapatikana.

Hebu tuulize kwa uaminifu: kati ya waliotia sahihi, wangapi walikuwa wameusoma mswada? Mambo hayo mtu huyajua. Karatasi inaletwa sokoni au barazani, kijana ana haraka, anataka jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mswada wenyewe hana, au anao mmoja, kwa Kiingereza.

Mahakama Kuu iliuangusha mpango huo tarehe 13 Mei 2021. Kesi ilipomalizika katika Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, majaji walisema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia iliyowekewa wananchi. Walisema pia kwamba mpango wa kugawa maeneo bunge 70 mapya ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Sahihi zaidi ya milioni moja hazikuuokoa.

Andika hivi

Tuchukue jambo linalowagusa. Kifungu cha 203 kinasema mgao wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. BBI ilitaka kuupandisha hadi 35. Mtu akisimama kwenye mkutano na kusema, "Serikali ituongezee pesa," atapigiwa makofi na karani ataandika: wakazi wanataka fedha zaidi. Hapo imekwisha.

Sasa mwingine aandike: "Tunaomba kifungu cha 203(3) kibadilishwe. Asilimia 15 ya kaunti hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kaunti hukadiriwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Tunapendekeza hesabu zisizidi mwaka mmoja." Huyu ametaja kifungu, kasoro, sababu na maneno anayoyataka. Atakayemkataa itabidi ajieleze.

Si lazima uwe wakili. Kikundi cha mwethya kinachochimba matuta kwenye miteremko yetu kina katibu, daftari na siku ya kukutana, na hiyo inatosha. Gawaneni sura za rasimu, kila watu watatu sura moja, mkutane tena baada ya wiki. Wazee wasiosoma wasomewe kwa Kikamba. Mara nyingi swali gumu hutoka kwao. Maoni yakishaandikwa, yawe na tarehe, majina na sahihi, mbaki na nakala. Ya Bunge la Taifa au Seneti hupelekwa kwa karani wa bunge husika, Nairobi. Ya kaunti kwa karani wa Bunge la Kaunti, Wote. Matangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, ambavyo havifiki kila boma, kwa hiyo mteueni kijana mmoja mwenye simu ayatazame kila wiki.

Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7. Mkiletewa rasimu ya Kiingereza peke yake, iombeni ya Kiswahili kwa barua, mkitaja pia kifungu cha 35 kuhusu haki ya kupata habari. Mswada wa katiba ukianzia Bungeni, kifungu cha 256 kinaweka siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili. Siku hizo ni zenu; atakayewaambia hakuna muda muonyesheni kifungu.

Na karatasi ya sahihi ikiletwa, omba kuona mswada kwanza. Usimwachie mtu nakala ya kitambulisho chako. Januari 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni orodha ya waliounga mkono BBI ili kila mtu aangalie jina lake na kulalamika kama lilitiwa bila ridhaa. Orodha kama hiyo ikitoka tena, angalia jina lako, na la mzazi wako asiye na simu.