Somo: Fimbo Iletayo Mauti

Mtu akimpiga mtoto hata akafa, husema: «Nilimrudi tu, sikutaka kumwua.»

Swali: Je, neno hilo lamwondolea hatia?
Jibu: Hapana. Sheria ya adhabu ya Kongo ya mwaka 1940, kifungu cha 48, yasema: apigaye kwa kusudi na kuleta mauti, ingawa hakunuia kuua, atafungwa miaka 5 mpaka 20. Ni vivyo hivyo kwa mzee au mgonjwa atunzwaye nyumbani.

Swali: Na amshitakiye mtoto uchawi?
Jibu: Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, humfunga mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini.

Wakaaji wa Kasungami wakumbuke: mara nyingi neno «mchawi» hutangulia fimbo. Jirani alisikiaye asinyamaze.