Qadari Haiondoi Dhamana: Haki ya Mgonjwa kwa Anayemtibu

Baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darsa wametuuliza swali ambalo twaliona lina haja kubwa. Mgonjwa akiingia hospitali, akafa au akalemaa kwa uzembe wa anayemtibu, je, watu wake wakiuliza na kudai haki yake watakuwa hawakuridhika na qadari ya Mwenyezi Mungu? Swali hili lina sababu. Katika miji yetu ya pwani si ajabu maiti kutolewa hospitali asubuhi, kuzikwa adhuhuri, na jioni matangani akatokea kijana akauliza alipewa dawa gani, wazee wakamnyamazisha kwa kumwambia kuwa siku za marehemu zilikwisha.

Ni kweli zilikwisha, wala hapana Muislamu awezaye kukanusha hilo. Lakini na tuitazame aya ya 92 katika Sura ya Nisaa. Mwenye kumuua Muumini kwa kukosea ameamrishwa aache huru mtumwa na awape jamaa za maiti diya, ila wao wenyewe wakisamehe. Maiti huyo naye alikufa kwa siku zake zilizoandikwa, na juu ya hivyo diya imelazimu. Lau qadari ingeondoa dhamana, amri hii isingekuwa na mahali. Kuamini qadari ni itikadi iliyo moyoni. Dhamana ni hukumu iliyo baina ya waja. Wenye kuyachanganya mambo haya mawili wamewapa wazembe ngao ambayo sharia haikuwapa.

Khasa juu ya utabibu, Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwa njia ya Amr bin Shuaib kuwa Mtume (s.a.w.) amemtia dhamanani kila ajitiaye kutibu na hali hakujulikana kuwa na ilimu ya kutibu. Tukisoma hadithi hii fikira zetu hukimbilia madaktari wa hospitali, walakini yawagusa kwanza watu ambao sisi wenyewe twawatukuza: mwenye duka apigaye watu sindano nyuma ya pazia, na mpiga chuku atumiaye wembe mmoja kwa migongo mitatu, kisha akasema kuwa hiyo ni Sunna. Kupiga chuku kumethibiti katika Sunna. Wembe mchafu haukuthibiti, na neno Sunna lililoandikwa mlangoni haliwi cheti cha utabibu.

Ama tabibu aliyesoma, Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra (1350), amempambanua vizuri katika Zadul Maad. Tabibu hodari aliyeipa kazi yake haki yake, akapewa idhini na mgonjwa, wala mkono wake usivuke mpaka, hana dhamana hata mgonjwa akifa. Lakini mkono wake ukikosea, ukaharibu kiungo kilicho kizima, atadhamini ingawa ni hodari. Na aliyekata bila idhini ana hukumu nyingine. Basi sharia haimuandami tabibu kwa kuwa mgonjwa amekufa. Yamuuliza mambo matatu: je, alikuwa na ilimu, alikuwa na idhini, na alifanya kazi kama ifanywavyo?

Waislamu wa zamani hawakuyaacha maneno haya vitabuni. Mwaka 319 wa Hijra (931) khabari zilimfikia Khalifa Muqtadir huko Baghdad kwamba mtu katika raia amekufa kwa kosa la tabibu. Alipiga marufuku mtu yeyote kutibu ila apate kutahiniwa na Sinan bin Thabit, na Ibn Abi Usaibia ametaja kuwa waliotahiniwa walizidi 860. Na aliyekufa hakuwa waziri wala tajiri.

Sheria ya Kenya leo yakubaliana na haya kwa sehemu kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yasema kuwa hospitali yenye uwezo ikimkatalia mgonjwa wa dharura yaweza kutozwa faini ifikayo shilingi milioni 3. Tena yamlazimu mtibabu kumueleza mgonjwa, kwa lugha aifahamuyo, hali yake, matibabu yaliyopo, khatari zake na gharama zake. Kumtilisha mama wa watu dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakusomewa, hiyo siyo idhini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa kuwazuilia hospitalini wanawake waliozaa, kwa sababu ya deni, ni kuvunja Katiba. Mwaka 2018 mahakama ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyezaa sakafuni, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Mwanamke yule alikuwa maskini, na haki yake alipewa.

Hatusemi haya ili watu waende wakawatukane wauguzi. Muuguzi mmoja huachiwa wagonjwa wengi usiku kucha, na kosa la asiyeleta dawa wala watu wa kazi hubebeshwa aliye mbele ya macho. Kumchafua mtu barazani kwa dhana ni usengenyaji. Lakini aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema, kama ilivyo katika aya ya 148 ya Sura hiyo hiyo ya Nisaa, na mahali pa kusema ni kwa mkuu wa hospitali, kisha Baraza la Madaktari, kisha mahakamani.

Limebaki jambo lenye uzito kwetu, nalo ni kuzika. Kuharakisha maziko ni Sunna, lakini ushahidi wa mwili huzikwa pamoja na mwili. Baraza la Fiqhi la Makka lilipokutana mwaka 1987 lilijuzisha maiti kupasuliwa ikiwa haja ni kujulikana sababu ya kifo chenye shaka ya jinai. Hatusemi kila maiti apasuliwe, Mungu apishe mbali. Twasema penye shaka ya kweli watu wake wasikatae kwa kudhani kuwa dini imekataza. Na pasipo haja hiyo, alau waombe siku ile ile, kwa maandishi, nakala ya faili la marehemu. Kesi ya madhara kama haya juu ya Serikali yataka kufunguliwa ndani ya miezi 12, na juu ya mtu au hospitali ya binafsi ndani ya miaka 3. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na wengi hungoja iishe, kisha wakangoja Ramadhani ipite, kisha wakaambiwa muda umekwisha.

Swali la kuwa fidia hiyo ikipatikana hugawanywa kwa warithi kama diya au la, tutalijibu katika darsa ijayo, inshaallah.