Mwendo na Uzito: Kijitabu cha Nyumbani juu ya Kupunguza Shahamu ya Mwili

Kabla hujafungua ukurasa wa pili, twaa uzi mrefu wa kushonea, ukanyage ncha yake moja kwa kisigino, umwombe mtu wa nyumbani aunyoshe hadi utosini na kuukata hapo. Kisha uukunje sawasawa katikati, uuzungushe kiunoni, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, pasipo kuvuta tumbo ndani kwa ghururi. Ncha zikipishana, kiuno chako hakijafika nusu ya kimo chako, nawe una haki ya kushukuru. Zisipokutana, shahamu imekwisha kufanya maskani tumboni, na hiyo ndiyo ambayo matabibu huihofu kuliko ile ya mapajani, kwa kuwa hukaa baina ya matumbo na ini na kuyavuta maradhi ya kisukari, ya shinikizo la damu na ya moyo.

Sisi watu wa pwani tuna udhuru wetu. Arejeaye safarini na kitambi huambiwa kwamba amenawiri, wala hakuna amwulizaye amenawiri kwa nini.

Mjini London, mabasi ya ghorofa mbili yalikuwa na watumishi wawili: dereva, aliyeketi kwenye usukani kutwa, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mwaka 1953 tabibu Jeremy Morris na wenziwe walitangaza kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, ilhali wote walikuwa watu wa tabaka moja. Miaka 3 baadaye wakachungua vipimo vya sare, wakaona kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, nao kwa insafu hawakuficha kwamba huenda sehemu ya unene huo dereva aliingia nao kazini. Nautaja ushahidi huu mkongwe kwa kuwa ngazi za basi si kiwanja cha michezo, na zilifaa hata hivyo.

Wengi hudhani kwamba shahamu huyeyuka ikatoka kwa jasho, mfano wa samli iliyoanikwa juani, na ndiyo sababu ya vijana kukimbia wakiwa wamevaa makoti mazito au wamejifunga nailoni tumboni. Jasho ni maji na chumvi, na uzito uondokao nalo hurudi kwa bilauri chache za maji. Shahamu huungua ndani ya mwili kwa hewa tuivutayo. Na hesabu iliyotangazwa mwaka 2014 yaonyesha kwamba katika kila kilo 10 za shahamu iliyoungua, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni, na kilo 1.6 tu ndizo zinazokuwa maji. Kuhema bure hali umeketi hakufai kitu, maana viungo vifanyavyo kazi ndivyo viagizavyo hewa tuivutayo. Basi kila kazi ihimizayo pumzi kwa kitambo kirefu, iwe ni mwendo wa haraka, mchakamchaka, kuogelea, kuruka kamba au kuendesha baiskeli, ndiyo iifunguliayo shahamu mlango. Kipimo chake ni chepesi: uweze kuzungumza na mwenzio, lakini usiweze kuimba. Wala hakuna zoezi la tumbo liondoalo shahamu ya tumbo peke yake. Mwili huchota akiba yake popote upendapo.

Ikiwa ni hivyo, wengine huuliza, kuna haja gani ya kunyanyua vitu vizito? Aghalabu waulizao ni akina mama wanaochelea kuota mikono ya mabaharia, nami huwaambia kwamba mikono ile hutafutwa kwa miaka na haiji kwa bahati mbaya. Jibu lenyewe ni kwamba mwili uliopunguziwa chakula haupungui shahamu tu, bali hula na nyama yake, na mizani, isiyojua kupambanua kilo ya nyama na kilo ya shahamu, humsifu mtu kwa hasara hiyo. Msuli unaotwishwa uzito huona kwamba ungali na kazi, nao husalia. Huko North Carolina, Marekani, watu wazima 119 wenye uzito uliozidi walifuatwa kwa miezi 8, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012: walionyanyua uzito peke yake waliongeza nyama, walakini shahamu yao haikupungua kwa maana, waliokwenda mwendo peke yake walipunguza shahamu bila ya kuongeza nyama, na waliochanganya walipata yote mawili. Lazima niseme pia kwamba shahamu waliyopoteza wachanganyaji haikuzidi sana ya wale wa mwendo, na muda walioutumia ulikuwa takriban maradufu. Kwa hiyo asiye na nafasi ila nusu saa, na aanze kwa miguu.

Vyuma si shuruti. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na dumu la lita 5 ni kilo 5, na mwanamke achotaye maji kila alfajiri amekwisha kunyanyua kabla ya mumewe kuamka, jambo ambalo haifai lisahauliwe katika hesabu ya nyumba. Uani, mbali na macho ya wapita njia, chuchumaa na kuinuka hali umekumbatia dumu. Inama kidogo na kulivuta hadi kiunoni. Lisukume juu ya kichwa. Kisha sukuma ukuta kwa viganja, na ukishapata nguvu usukume sakafu. Kila moja mara 8 hadi 12, upumzike, urudie, uzito uwe wa kukufanya uone taabu mara mbili za mwisho. Usizuie pumzi, hasa mwenye shinikizo la damu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na siku 2 au zaidi za kutia misuli nguvu. Jumatatu na Alhamisi ziwe za dumu, na siku 5 zilizobaki nusu saa ya mwendo. Mwezi wa Ramadhani, saa iliyo bora ni baada ya kufuturu.

Usidhani kwamba haya yanahalalisha sinia la pili la pilau. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, nazo ndizo mtu wa kilo 70 azitumiazo kwa mwendo wa nusu saa! Punguza mafuta sufuriani, usipunguze kunde, choroko, dagaa wala samaki, maana nyama ya mwili hujengwa kwa hivyo. Mjamzito, mgonjwa wa moyo, na mwenye kisukari atumiaye dawa waonane na tabibu kwanza. Na yeyote abanwaye kifua akiwa mazoezini na akome papo hapo, aende hospitali.

Uzi wako usiutupe. Utundike msumarini, na kila mwezi uandamapo uuzungushe tena asubuhi, kabla ya kustaftahi, ukipima pengo lililobaki kwa vidole na kuiandika hesabu yake kwenye kalenda.