Tezi Lisilouma: Maswali kwa Tabibu wa Saratani

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo jamaa za wagonjwa humletea tabibu wa saratani, aghalabu katika juma lile lile walilopewa habari wasiyoitarajia. Yamekusanywa hapa kama yanavyoulizwa.

SWALI: Bwana Tabibu, mdogo wangu ni kijana wa miaka 24. Alianza kwa homa ndogo za jioni na kikohozi kikavu. Akatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha kifua kikuu kwa sababu ya tezi shingoni. Leo tunaambiwa ni saratani. Homa ya kawaida yawezaje kugeuka saratani?

JIBU: Homa haikugeuka, ndugu yangu. Yamkini maradhi yaliyotajwa leo ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua tangu ile homa ya kwanza, ila yalikuwa yamevaa nguo za maradhi mengine. Saratani ya matezi, ambayo matabibu huiita limfoma, huanza katika chembe nyeupe za damu zilizowekwa kuulinda mwili, na kwa hiyo dalili zake hufanana mno na dalili za mwili unaopigana na vijidudu: homa ijayo na kuondoka, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda pasipo sababu iliyo dhahiri. Namna moja ya limfoma ilielezwa mwaka 1832 na Thomas Hodgkin, tabibu wa London, nayo hupenda kuwashika vijana walio katika umri wa mdogo wako, watu ambao hakuna awadhaniaye kuwa na saratani.

Kifua kikuu nacho huleta homa ile ile, jasho lile lile na tezi mahali pale pale, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki kimeenea kuliko limfoma kwa mbali. Basi tabibu anayekidhania kwanza hana lawama. Lawama huanza pale dhana isipofuatwa na uthibitisho, mgonjwa akamezeshwa vidonge mwezi baada ya mwezi, ilhali tezi linazidi kukua na hakuna aliyelichunguza.

SWALI: Ingalijulikanaje mapema?

JIBU: Kwa kuhesabu wiki, na kwa kuchukua nyama. Tezi litokanalo na koo, jino bovu au kidonda huuma likiguswa, na katika wiki mbili au tatu huanza kunywea. Lile lililopita wiki nne hadi sita, lisilouma, lililozidi sentimita 2 na kuteleza chini ya kidole kama mpira, huyo mwenye nalo na apelekwe hospitali ya kupimwa. Na likiwa juu ya mfupa wa mtulinga asingoje hata hizo wiki.

Hapa nataka nikawie kidogo, maana ndipo mambo yanapoharibikia. Watu wengi huchomwa sindano nyembamba, ikavutwa majimaji kidogo, majibu yakaja kwamba hakuna saratani, na nyumba nzima ikashukuru. Sindano ile ina faida yake, lakini katika maradhi ya Hodgkin chembe zenye ugonjwa huwa chache, zimetawanyika katikati ya chembe nzima zilizo nyingi, na sindano yaweza kupita kando yake. Ifaayo ni kulitoa tezi zima kwa upasuaji mdogo, likatazamwe chini ya hadubini, na sehemu yake ipimwe kifua kikuu, kwa kuwa maradhi hayo mawili huweza kukaa katika mwili mmoja. Kabla ya hapo mgonjwa asipewe prednisoloni kwa kubahatisha: dawa hiyo hulisinyaza tezi kwa muda, na aliyekuwa akitafuta maradhi hupotezwa njia. Na kila mtu apimwe Virusi vya Ukimwi, maana mwenye navyo huwa karibu zaidi na limfoma.

SWALI: Sisi wazee wake tumeafikiana asiambiwe. Akisikia neno saratani atakata tamaa.

JIBU: Naelewa kwamba mapenzi ndiyo yaliyowatuma, nami kwa taadhima nawaomba mwache shauri hilo. Huyu kijana ataingizwa katika wodi ambayo kila kitanda kina mgonjwa wa saratani. Ataijua habari yake kwa kinywa cha mtu baki, kisha atajua pia kwamba nyinyi mlimficha, na siku atakapokuwa na homa ya hatari hatawaamini mnapomwambia tuondoke usiku huu. Mwiteni faraghani, mmoja wenu aliye karibu naye awepo, na tabibu amwambie jina la maradhi pamoja na habari ambayo wengi husahau kuitaja: limfoma ya Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazopona kabisa kwa dawa, na hata iliyofika daraja la nne hutibiwa kwa nia ya kuponywa. Habari hizo mbili ziende pamoja. Kisha mnyamaze, mumwache aulize.

SWALI: Dawa zenyewe ni zipi?

JIBU: Kawaida ni dawa nne kwa dripu, kila baada ya wiki mbili, kwa muda unaoweza kufika miezi sita, mojawapo ni nyekundu, na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au mbili, asishtuke. Wengine huongezewa mionzi, ambayo nchini Tanzania hutolewa katika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Akipata homa ya nyuzi 38 apelekwe hospitali saa ile ile, asipewe kwanza kidonge cha kuishusha. Na kwa kuwa ni kijana asiyeoa, aulize habari ya uzazi kabla ya dripu ya kwanza.

SWALI: Tezi likiyeyuka upesi, anaweza kurudi shamba?

JIBU: Huyeyuka upesi kweli, pengine baada ya dripu ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wengi hutoweka, kwa kuwa nauli imekwisha na shingo imerudi kuwa nyembamba. Chembe zilizobaki hazionekani kwa jicho, na zikirudi huwa ngumu zaidi kutibika. Basi fedha mlizokusudia kumnunulia matunda na soda wekeni za nauli, na mtafuteni jamaa aishiye karibu na hospitali ampokee mpaka dripu ya mwisho.